Samaki wa Kula Mwani: Tuchague kwa Mdomo, si kwa Rangi



Ndugu wazazi na walezi, mwaka jana mzazi mmoja, Allah amlipe kheri, aliwaletea wanafunzi wetu wa Buyenzi tangi la kioo la kufugia samaki. Urefu wake ni sentimita 120, na linachukua lita 240 hivi. Haukupita muda kioo kikawa kijani, na watoto wakasema: "Ustadhi, tutafute samaki wa kula uchafu huu." Kwa kuwa familia nyingi zinauliza vilevile, tumeona tuwaeleze tulivyochagua.

Kwanza, ule utando si uchafu. Ni mwani, na huota penye mwanga na mabaki ya chakula. Jamaa zetu wa Mombasa na Muscat wanaofuga samaki wa bahari pamoja na matumbawe huwapa kazi hiyo kangaja na tasi. Hao ni wa maji ya chumvi, kwetu hawafai. Lakini sisi tumejaaliwa Ziwa Tanganyika. Pierre Brichard, Mbelgiji, alisafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura kwenda nchi za nje kwa miaka mingi. Huko watu wanawatunza kwa gharama kubwa, na sisi tulio kando ya ziwa tunawajua zaidi mukeke na ndagala wa mezani!

Ukishuka kusini kuelekea Magara, ufuko wa mchanga unakuwa wa mawe. Juu ya mawe hayo wako samaki wa jamii ya ngege wanaoishi kwa kukwangua mwani. Sisi tuliwatazama wa aina tatu.

Petrochromis ana meno mengi kama brashi. Ni hodari wa kazi, lakini hukua hadi sentimita 20 hivi na ni mgomvi mno. Tangi la lita 240 kwake ni gereza. Tulimwacha.

Eretmodus ni mdogo, sentimita 8 hivi. Hukaa kwenye mawe ya pwani yanapopiga mawimbi, kwa hiyo anataka maji yenye hewa nyingi. Huishi wawili wawili, na wazazi wote hulea: mama hubeba mayai mdomoni, kisha baba hupokea watoto. Watoto wetu walipolisikia hilo walinyamaza kimya!

Tropheus duboisi, akiwa mdogo, ni mweusi mwenye madoa meupe. Ni mpole kuliko Tropheus wengine, lakini wakiwa wachache mkubwa humwonea mnyonge hadi kumwua. Tukachukua kundi la 12 pamoja na Eretmodus wawili.

Jambo la kuangalia sana ni chakula. Utumbo wa Tropheus ni mrefu, umeumbwa kwa mwani. Mtoto akimhurumia akamtupia nyama au ndagala waliosagwa, tumbo huweza kuvimba, na mara nyingi samaki hufa. Tunawapa chembe za spirulina na lengalenga zilizochemshwa, kidogo kidogo. Kioo cha nyuma hatukisugui, tunawaachia malisho. Vioo vingine watoto husugua wenyewe, taa huwashwa saa 8 tu kwa siku, na kila wiki robo ya maji hubadilishwa. Maji ya bomba yana klorini, hivyo huwekwa kwanza kwenye ndoo siku nzima, pampu ya hewa ikipuliza. Samaki hapunguzi kazi ya mkono. Mwenye kumnunua ili apumzike atavunjika moyo.

Tena tusichanganye Tropheus wa sehemu mbalimbali. Hawapendi kuvuka mchanga, kwa hiyo kila kipande cha ufuko kina rangi yake, zaidi ya 100 ziwa zima. Ukiwachanganya watazaa chotara. Na ukichoka nao usiwamwage ziwani. Mpe mwenye kuwaweza.

Ndugu zangu, sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Samaki ndani ya kioo yuko katika hali hiyohiyo: mwani ukiisha hana pa kwenda. Kwa hiyo kabla ya kununua tumuulize mtoto maswali mawili: huyu anakula nini, na nani atamlisha siku za likizo? Akikosa jibu, asubiri kwanza. Hajanyimwa, anafundishwa amana.

Allah atujaalie kuwa wachunga wema wa viumbe Vyake na wa watoto wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.