Miguu ya Bibi na Waya wa Mgongoni (Sehemu ya 4)

Niliahidi kuwaeleza kwa nini nesi wa Muleba alikaa masaa mawili na simu akisikiliza somo la madaktari wa tiba ya maumivu. Wengine mlinicheka inboksi. Haya, chekeni, ila mnisome.

Linki nilitumiwa na daktari mmoja wa Bukoba niliyewahi kufanya naye zamu. Aliniandikia: "Sista, sikiliza tu, si lazima uelewe yote." Kweli sikuelewa yote. Bando lilikuwa dogo, mtandao unashika dirishani peke yake, na mtoa mada alikuwa Ulaya anaongea haraka kama anakimbizwa.

Somo lilihusu kifaa cha umeme kinachowekwa mwilini kutuliza maumivu sugu. Nyaya nyembamba zinapitishwa kwa sindano nene mpaka ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, nje ya utando unaoufunika, huku daktari anaangalia eksirei. Betri yake inafukiwa chini ya ngozi, kiunoni au juu ya kalio. Inatuma umeme mdogo mdogo, na ule umeme unavuruga taarifa za maumivu kabla hazijafika kichwani.

Wazo lenyewe si geni. Ukijigonga goti unafanya nini? Unasugua. Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika mwaka 1965 kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama lango, na mguso unaweza kulifunga maumivu yasipite. Miaka miwili baadaye, 1967, daktari Norman Shealy kule Marekani akamwekea mgonjwa kifaa cha kwanza cha aina hii.

Kilichonipendeza ni hiki: hawakimbilii kupasua. Kwanza mgonjwa anajaribiwa siku chache, mara nyingi kama wiki, nyaya ziko ndani na betri iko nje. Maumivu yakipungua nusu au zaidi, ndiyo wanaweka moja kwa moja. Yasipopungua wanatoa. Sisi dawa tunaanza leo, na mwaka unaisha bila mtu kumuuliza mgonjwa kama imemsaidia.

Sasa mtoa mada akafika kwenye nani anafaa. Akasema mwaka 2021 Marekani waliruhusu kifaa hicho kitumike kwa watu wenye maumivu ya miguu yanayotokana na kisukari. Akataja wanavyoyaeleza wenyewe: moto, shoti, sindano, wadudu wanaotembea, shuka ikigusa mguu inauma.

Jamani, nilizima kamera.

Kuna bibi mmoja wa vijiji vya juu huku kwetu, ana sukari miaka mingi. Aliwahi kuniambia neno kwa neno: "Sista, usiku siafu wananitembea miguuni, shuka siitaki." Mimi niliandika nini kwenye daftari? Maumivu ya miguu, umri. Akaandikiwa diklofenaki, na sindano nikamchoma mimi, mara nyingi tu. Na ushauri wa bure nikaongeza: aloweke miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi.

Akaloweka. Wiki mbili baadaye alikuja na lengelenge limepasuka chini ya kidole gumba, kaungua na hakusikia. Nikamsafisha kidonda huku namgombeza kwamba hajali mwili wake. Mimi, niliyempa yale maji!

Hapo ndipo wengi tunapotea, na nesi mwenzangu unayesoma nisikilize. Mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari inafanya mambo mawili kwa pamoja: inapiga kelele za moto usiokuwepo, na moto wa kweli inashindwa kuusikia. Mguu huohuo mmoja.

Kesho yake baada ya zamu nilipanda bodaboda mpaka kwake. Nilikuwa na pamba tu. Nikamwambia afumbe macho, nikapitisha pamba juu ya mguu, akauvuta kwa maumivu. Nikashika kidole gumba, nikakibonyeza kwa nguvu. "Umeanza?" akaniuliza.

Nilimwambia ukweli, kwamba yale maji lilikuwa kosa langu. Alikaa kimya kidogo, halafu akamwita mjukuu alete kahawa za kutafuna. Wahaya mtanielewa.

Tukampeleka Bukoba. Diklofenaki ikasimamishwa, figo zikapimwa, dawa za sukari zikarekebishwa. Daktari akamwanzishia amitriptilini dozi ndogo usiku. Ni dawa ya zamani ya sonona ambayo inatuliza mishipa ya fahamu, na bei yake mwananchi anaiweza. (Usiende kuinunua dukani mwenyewe! Inalevya usingizi, na wenye matatizo ya moyo au presha ya macho inaweza kuwadhuru.) Moto haujaisha, ila baada ya wiki kadhaa alianza kulala na shuka. Kidonda kilichukua miezi kufunga.

Juzi nilikuwa kwake nakagua miguu, naangalia katikati ya vidole, nakagua na kandambili zake maana huwa anaingia nazo mgombani. Nikamsimulia kile kifaa. Nikamwambia bei yake ni mamilioni kwa mamilioni, si kitu cha kupanda meli ya Mwanza ukakipata.

Akafikiri. "Hiyo betri inachajiwa wapi?"

Nikasema zingine zinachajiwa juu ya ngozi, kwa umeme wa nyumbani.

"Na umeme ukikatika siku tatu kama wiki ile?"

Sikuwa na jibu. Akacheka mpaka akashika mbavu, akaniambia nimpe mguu wa pili aoshe.

Sehemu ya 5 tutaongelea viatu. Mwenye picha za viatu vya baba yake anayeugua sukari anitumie, jina sitaji.