Mguu Uliovunjika na Magongo ya Kuazima

Watu wengi wa parokia yetu waliniona nikitembea na magongo mwishoni mwa mwaka 2022, nao wananiuliza hata leo: «Mwalimu, mtoto wangu amevunjika mguu, nimnunulie nini?» Dominika moja nilijibu swali hilo mara mbili kabla ya Misa. Basi, afadhali niandike mara moja yale yaliyonipata, pamoja na makosa yangu, maana makosa ndiyo mengi.

Ilikuwa mwezi wa kumi, wakati wa mvua. Nilitoka kufundisha wakatekumeni katika kapela moja nje ya Bukavu, nikapanda pikipiki ya abiria. Mteremkoni pikipiki iliteleza katika matope, ikaniangukia mguu wa kuume. Dereva aliinuka mzima. Mimi nilisikia mfupa ukilia kama ukuni mkavu, nikajua. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, ila ngozi haikupasuka, namshukuru Mungu. Hospitalini wakapiga picha, wakaunyosha mguu, wakaufunga plasta, ile bandeji ya jasi inayokauka na kuwa ngumu kama jiwe, toka pajani mpaka karibu na vidole. Siku ya tatu wakaniambia: «Nenda nyumbani, usiukanyagie mguu huu hata kidogo, urudi baada ya majuma mawili.» Nitatembeaje bila kuukanyagia, hilo hakuna aliyenieleza. Nami nilikuwa na haraka ya kutoka pale, sikuuliza.

Nyumba yetu iko Kadutu, upande wa mlimani. Toka barabarani mpaka mlangoni kuna ngazi 43 zilizochimbwa katika udongo. Siku ile shemeji zangu walinipandisha mgongoni kama gunia la muhogo. Jioni hiyohiyo zawadi zikaanza kufika.

Ya kwanza ilikuwa magongo. Jirani yetu alikuwa amefiwa na kaka yake, mtu mrefu sana, naye akaniletea magongo ya marehemu, ya mbao ngumu, yamepakwa vanishi vizuri. Mke wangu aliyatazama akasema: «Baba, haya yanakufika masikioni.» Nilimjibu kwamba magongo ni magongo. Ya pili ilitoka mbali: binamu yangu anayekaa Brussels alituma kwa msafiri kifungio cha goti, kitu kizuri sana, chenye kamba na vyuma viwili vya pembeni. Kilikuwa cha mtu aliyeteguka goti. Goti langu mimi lilikuwa zima, tena limefungwa ndani ya plasta, lakini nilikitundika ukutani ili wageni wakione. Mnaona kiburi kilivyo: hata mtu aliyelala chali hawezi kukiacha.

Kwa majuma matatu nilitembea na magongo ya marehemu. Kwa kuwa yalikuwa marefu, mabega yalipanda juu, nami nikaning'inia kwapani, uzito wote wa mwili ukikaa juu ya ile mbao. Niliporudi hospitalini walipiga picha ya mguu, wakasema mfupa umekaa sawa. Magongo hayakutazamwa na mtu. Mkono wa kuume ulikuwa umeanza kufa ganzi, nikadhani ni usingizi mbaya. Kisha, asubuhi moja, watoto wa Komunyo ya kwanza walikuja kufundishwa kwangu uani. Nilikaa mbele ya ubao, nikainua mkono ili niandike, kiganja kikaanguka chini kama jani lililonyauka. Nikajaribu tena. Chaki ikaanguka. Watoto wakacheka, maana walidhani ninawachezea.

Ndugu zangu, wakati mguu ulipovunjika sikulia. Siku ile nililia, watoto walipokwisha kwenda. Mkatekista mwenye mguu mbovu aweza bado kufundisha akiwa ameketi. Lakini asiyeweza kushika chaki wala kalamu atafanya kazi gani?

Kijana mmoja wa parokia yetu anafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Mke wangu alimwita bila kunishauri. Alipoingia hakuutazama mguu, aliyatazama magongo, akaniambia nisimame nayo. «Mwalimu,» akasema, «kwapani humo hupita mishipa ya fahamu inayouendesha mkono. Wewe umeikalia majuma matatu.» Akanieleza kwamba gongo halibebi mtu kwa kwapa. Mtu hujibeba kwa viganja vya mikono, na ile sehemu ya juu hubanwa tu kidogo kati ya mkono na mbavu ili gongo lisiyumbe.

Akanipima. Nilisimama wima kwa mguu mzima, nimevaa kiatu, mabega yamelegea, mke wangu akinishika kiunoni. Aliweka ncha ya gongo pembeni, kadiri ya sentimita 15 kutoka kwenye mguu. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo viingie vidole viwili au vitatu. Halafu mikono ining'inie: mahali pa kushikia pawe sawa na kifundo cha mkono, hata ukishika, kiwiko kikunjike kidogo tu. Magongo ya marehemu yalinizidi kwa sentimita 11. Mbao ile ilikuwa ya jirani, nami sikuthubutu kuikata. Tukayarudisha pamoja na shukrani.

Hapo ndipo ilipofika zawadi ya tatu, ile iliyoniumiza moyo. Wenzetu wa shirika letu walikuwa wamechanga fedha kwa siri, dola 80, ili waninunulie kiti cha magurudumu kilichotumika, walichokuwa wamekiona mjini. Mama mkuu wa shirika, anayeuza sambaza sokoni, alikuja mwenyewe na fedha zimefungwa katika kitambaa. Nilijua zimetoka wapi: katika mafungu ya muhogo na makaa. Nami nilikuwa nimekitamani kiti kile, nasema kweli. Nilijiona nimeketi mbele ya kanisa, watu wakija kunisalimu.

Yule kijana alichukua kamba akapima mlango wetu. Sentimita 60. Kiti kilikuwa na sentimita 64. Kisha akatuonyesha ngazi 43, matope, na mfereji uliokata njia. «Kiti hiki kitamtaka watu wanne kila atakapotoka,» akasema. Vigurudumu vile vidogo vya mbele vilifaa sakafu ya saruji, si Kadutu wakati wa mvua. Tena mguu wangu mmoja ulikuwa mzima, na mtu mwenye nguvu za kusimama akikaa kitini mchana kutwa atadhoofisha hata kile kilicho kizima. Anayehitaji kiti kweli hupimwa upana wa nyonga na urefu wa mapaja, kama fundi anavyompima mtu suti. Akatukumbusha kwamba mjini kwetu kuna Heri Kwetu, na Goma kuna Shirika la Umoja, nyumba za wenye ulemavu ambazo Msalaba Mwekundu wa kimataifa umezisaidia kwa miaka mingi, hasa katika kutengeneza miguu ya bandia na vyuma vya kushikiza viungo. Kwa kitu kama hicho, alisema, usinunue njiani kwa macho.

Ilinipasa kusema hapana. Mama yule aliniangalia kwa muda. «Mwalimu, unatukataa?» Nilimwambia: «Mama, siwakatai. Naomba mnipe kitu kingine, lakini naona haya kukitaja.» Akasema nitaje. Nikataja choo.

Naomba msamaha kwa kuandika jambo hili katika gazeti letu, lakini hakuna anayelisema, na ndilo lililotutesa kuliko yote. Choo chetu, kama vya wengi, ni shimo lenye kuchuchumalia. Mtu mwenye plasta toka pajani hawezi kuchuchumaa. Kwa majuma yale matatu mke wangu na mdogo wake walinishika huku na huku, nami nikaanza kupunguza chakula na maji ili nisiende mara nyingi. Mama mkuu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. «Baba yake mkwe wangu naye alitutesa hivyo,» akasema.

Fedha zile zikaenda kwa seremala. Alichonga magongo mapya kwa vipimo vyetu, dola 12, akayafunga kitambaa laini juu. Chini akapigilia vipande vya tairi la gari, vipana, vilivyokatwa mifereji ili visiteleze. Akatengeneza kiti kizito chenye tundu katikati na mikono miwili ya kushikia, kikawekwa juu ya shimo. Ukutani akapigilia mti wa kujivutia. Vyote havikufika dola 40. Zilizobaki zililipa safari zangu za kurudi hospitalini kwa gari, si kwa pikipiki.

Mkono wangu ulipona polepole. Nilianza kushika kijiko kabla ya Noeli. Chaki ilikuja baada ya mwaka mpya. Kwenye ngazi nilijifunza kwamba unapopanda, mguu mzima hutangulia, na unapotelemka, magongo na mguu mgonjwa hutangulia. Nilipoketi niliweka mguu juu ya mito, na kila saa nilichezesha vidole. Mke wangu alivigusa asubuhi na jioni, maana vikiwa baridi, vikigeuka rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, hapo hakuna kungoja kesho: ni hospitalini mara moja. Wala usiingize kijiti ndani ya plasta ili kujikuna. Nilijaribu, nikajitia kidonda.

Plasta ilitolewa mwezi wa pili 2023, mguu ukiwa mwembamba kama shina la muhogo. Nikabaki na gongo moja, nalo nililishika upande wa mguu mgonjwa, kama kila mtu afanyavyo. Kijana yule akanikemea tena: gongo likiwa moja hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima.

Kifungio cha Brussels nilimpa mchezaji mmoja wa mpira aliyeteguka goti, baada ya mganga kukiona. Magongo yangu yalikaa nyuma ya mlango mpaka mama mkuu wa shirika alipokuja kuyaazima kwa ajili ya mjukuu wake aliyeanguka mtini. Alikuwa na haraka, akayatia chini ya mkono akitaka kwenda. Nilimwuliza urefu wa kijana. Akaonyesha kwa mkono, chini kidogo ya bega langu. Tukapita kwanza kwa seremala.