Masisi na Walikale: Gari la zamani halizikwi, linakuwa mbabula na chukudu

Katika teritwari za Masisi na Walikale, gari likifa halizikwi. Janti inakuwa mbabula. Mpira unakatwa kuwa viatu na kuvikwa kwenye gurudumu la chukudu. Rulma zinatafutiwa kazi ingine. Boneti inakuwa mlango wa nyumba ya kuku. Fundi mwenye kujua kazi yake anaangalia gari bovu kama vile mchinjaji anavyoangalia ngombe: kila kipande kina mwenyewe.

Watu wengine wanaona hiyo kuwa ni umaskini tu. Umaskini upo, hakuna wa kuukataa. Lakini kuna pia ufundi, na ufundi ni mali ambayo mtu anakimbia nayo. Vita inachukua ngombe, mbuzi, magodoro na manjanja ya nyumba. Mikono inayojua kukata chuma na kuchonga mti inabaki na mwenyewe. Mwezi wa pili mwaka 2025, kambi za pembeni mwa Goma kama Bulengo na Lushagala zilipobomolewa, familia nyingi zilirudi upande wa Masisi na kukuta nyumba hazina kitu. Walio na fundi ndani ya familia walianza na alichojua yeye.

Tuanze na mbabula, kwa sababu chakula hakingoji. Mafiga matatu ni mwalimu wa zamani, lakini anakula kuni nyingi: sehemu kubwa ya moto inakwenda pembeni, chungu kinapata kidogo. Mbabula ya bati tupu nayo inapoteza moto kupitia ubavu wake. Dawa yake ni udongo. Fundi anachukua janti ya zamani au kipande cha pipa, anakifungia miguu mitatu ya fere-beto, anaweka wavu wa chuma chini ya makala na kuacha nafasi ya hewa kuingia. Kisha mama mwenye kujua ufinyanzi anachanganya udongo wa mfinyanzi, majivu na majani makavu yaliyokatwa madogo, na kuupaka ndani kwa unene wa vidole viwili. Inakauka kivulini juma moja au mawili. Ikiwekwa juani siku ya kwanza, inapasuka.

Kuna jambo dogo ambalo wengi wanasahau: chungu kisikae mbali na makala. Vishikio vya chungu viwe vifupi. Vikiwa virefu, moto unatoroka. Vikikosekana kabisa, moto unakosa pumzi na moshi unajaa.

Hesabu ya makala si ya jikoni peke yake. Makala mengi yanayopikia Goma yanatoka upande wa Hifadhi ya Virunga, na ndiyo maana tangu mwaka 2007 shirika la WWF, kupitia programu ya EcoMakala, limesaidia wakulima kupanda miti ya makala, Masisi ikiwemo, na kusukuma mbele mbabula zinazookoa moto. Hesabu ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walieleza kwamba wanawake wengi waliobakwa pembeni mwa kambi za Goma walishambuliwa walipokuwa wanatafuta kuni na chakula. Kwa hiyo mbabula inayopunguza safari ya kuni, hata safari moja kwa juma, inapunguza pia siku ya mama au binti kuwa hatarini. Haimalizi hatari hiyo. Usalama ni deni la wenye silaha na wenye mamlaka, si deni la mbabula.

Sasa chukudu. Hii kinga ya mti isiyo na pedali inabeba viazi, makala, mbao na magunia ya maharagi kutoka milimani. Mwili wake unachongwa kwa mti mgumu. Gurudumu ni la mti, limevikwa mpira wa gari uliopigiliwa misumari, na ndani yake rulma ya gari la zamani inazunguka. Breki ni kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Mwenye chukudu anapiga goti moja juu ya kipande cha kandambili, mguu mwingine unasukuma. Kwenye mteremko anasimama na kuliachia. Goma ililipa heshima yake: sanamu la rangi ya dhahabu la mtu na chukudu lake linasimama katikati ya muji.

Walikale hali ni ingine. Ni teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, kilomita za mraba 23 475, na sehemu kubwa ni pori na matope. Huko chukudu halipendi njia, na mizigo mingi inakwenda kwa mgongo, kinga na piki. Lori la zamani lililobaki kwenye matope linakuwa duka la vipuri: springi inapigwa kuwa panga au jembe, waya unafunga paa, tanki linahifadhi maji ya kufulia, si ya kunywa.

Kabla ya mtu kuingia katika kazi hii, asikie mambo matatu. La kwanza: pipa lililokuwa na mafuta linaoshwa kabisa na kuachwa wazi kabla ya kukatwa, kwa maana mvuke uliobaki ndani unalipuka. La pili: mbabula ya makala hailali ndani ya nyumba au hema lililofungwa. Gesi yake haina harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. La tatu ni la Masisi na Walikale zaidi: si kila chuma ni chuma cha kazi. Kwenye mashamba na njia ambako vita ilipita, chuma usichokijua kinaweza kuwa bomu au roketi ambayo haijalipuka. Usikiguse, usikipige nyundo, usiwatume watoto kukiokota. Weka alama mbali nacho, waonye majirani, mjulishe shefu.

Wazazi wenye ufundi, wafundisheni watoto mahali mlipo, hata pembeni ya hema. Mtoto aliyeshika patasi leo atarudi kijijini na kazi mkononi. Na mama aliyejua kupaka udongo asimfundishe binti peke yake, amwite na kijana: chungu cha maharagi hakiulizi nani aliyewasha moto.