Walden, Oktoba 1984

Nilikuwa mwanafunzi Boston mwaka 1984, na aliyenionyesha ziwa la Walden hakuwa Mmarekani. Alikuwa mtu wa Mombasa, mpiga picha aliyejifunza kazi katika studio ya mtaani, na kule Boston akawa anasafisha picha za watu kiwandani. Nilimwita kaka, yeye aliniita bwana mdogo. Jumapili moja aliazima gari, tukafika Concord, ziwa hilo lilipo, jua halijachomoza.

Alitaka kuwahi kabla ya upepo. Walden halina mto unaoingia wala unaotoka. Ni shimo lililoachwa na barafu zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, likajaa maji ya ardhini, na misitu imelikinga pande zote, hivyo alfajiri huwa shwari. Mwandishi Henry David Thoreau, aliyeishi kando yake kuanzia 1845 hadi 1847, alilipima kina kwa kamba na jiwe akapata futi 102, na vipimo vya baadaye havikumpinga. Kaka aliijua habari hiyo kwa faida yake: penye kina maji huwa meusi, na weusi ndio unaokoleza rangi.

Jua lilipogusa ukingo wa magharibi, miti ile ambayo utomvu wake hupikwa shira iliwaka nyekundu, mialoni ikawa ya kahawia, misonobari ikabaki na ukijani wake. Nilikuwa sijawahi kuona msitu wa namna hiyo, nikawa natazama juu tu. Kaka akanishika bega.

“Bwana mdogo, achana na miti. Tazama maji.”

Hapo nikaona kwamba kilichokuwa majini si ile miti iliyopinduliwa tu. Maji huutazama mti kutoka chini. Yalionyesha matumbo ya matawi, na mbingu nyuma ya majani ambayo mimi, nikiwa nimesimama ufukweni, sikuwa naiona.

Alikuwa na Nikon FM2 yenye filamu ya Kodachrome 64, filamu ya slaidi isiyosamehe aliyekosea mwanga. Filta ya polaraiza, ambayo wengi huifunga ili rangi zikolee, aliifungua akaitia mfukoni: kazi yake ni kuua mng'ao wa maji, na sisi tulifuata mng'ao huo huo. Akapima mwanga kwenye maji, kwa sababu taswira huwa na giza kuliko kitu chenyewe. Kisha akaniambia nichungulie. Jani moja lilikuwa linaelea karibu na miguu ya stendi. Nikililenga, miti ya majini ilififia. Nikizungusha lenzi mpaka umbali wa miti ya ng'ambo, taswira ilikaa sawa na jani likafifia. Uso wa maji ulikuwa hatua mbili tu kutoka kwetu, lakini taswira ilikuwa mbali kama miti yenyewe. Nimesoma vitabu vingi vya upigaji picha tangu siku ile, na hakuna kilichonifundisha jambo kwa wepesi huo. Akabana tundu la lenzi, akapiga kwa robo sekunde. Upepo ulipoanza, akakunja stendi.

Baadaye misitu ile ilitishiwa na mipango ya kujenga ofisi na nyumba. Mwaka 1990 mwanamuziki Don Henley alianzisha Walden Woods Project, na viwanja vya mipango hiyo vikanunuliwa ili vihifadhiwe. Hilo nalishukuru kwa dhati.

Kaka ameshafariki, na mkewe alinikabidhi sanduku lake la slaidi. Kodak iliacha kutengeneza Kodachrome mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha, huko Parsons, Kansas, ilifunga kazi hiyo mwishoni mwa 2010. Lakini slaidi zilizokwisha kusafishwa hudumu sana zikikaa gizani. Kinachozichujua ni mwanga wa projekta. Za Walden bado ni nyekundu kama asubuhi ile. Nawe kama una sanduku la namna hiyo kwa wazee wako, usilitupe. Zitoe uzihamishie kwenye kompyuta, na kabla mwenye kukumbuka hajaondoka, muulize mahali na mwaka, uandike.