Kufungua na Kufunga Gari

Katika miaka yote niliyoishika kazi ya ufundi wa magari, kwanza Mombasa nilipokuwa kijana wa kufunzwa, kisha Portsmouth nilipokuwa mtu mzima mwenye nyumba na watoto, nimetengeneza magari ya watu wa kila namna, ya matajiri na ya wachukuzi, ya kuendea harusini na ya kubebea makaa. Lakini ninalotaka kulieleza hapa ni moja tu, gari dogo la wazi la watu wawili, nililolijenga kwa mikono yangu katika banda la nyuma ya nyumba kwa vyombo nilivyovitoa katika Ford Escort iliyokwisha kuhukumiwa kwenda kwa mnunuzi wa skrepa. Nalieleza kwa sababu katika kazi yangu nzima ndilo lililonithibitishia neno ambalo maalim wangu alikuwa akilisema na mimi nikilisikia kwa sikio la utoto, ya kwamba elimu ya gari haipatikani katika kulifunga bali katika kulifungua, na fundi asiyejua kufungua kwa adabu, hata akifunga vizuri, amebahatisha.

Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Mombasa na jamaa zangu baada ya 1964, na nilipofikia umri wa kuweza kushika spana nikatiwa mikononi mwa fundi mmoja, ndiye huyo maalim wangu, aliyekuwa na gereji yake karibu na Mwembe Tayari. Zama zile mabasi mengi ya pwani hayakuja kutoka ng'ambo yakiwa kamili. Kilichoshuka bandarini kilikuwa chesisi tupu yenye injini, boksi la gia na usukani, na bodi ikajengwa papo hapo na maseremala, kwa mbao zilizopigwa randa na kuungwa kwa bolti, hata kila basi likawa na sura ya mkono wa seremala wake, na mtu akiliona kwa mbali aliweza kutaja limetoka karakana gani. Sisi tuliolelewa katika gereji za namna hiyo hatukupata kuamini hata siku moja kwamba gari ni kitu kimoja kisichogawanyika. Tuliliona mapema kuwa ni jamii ya vyombo, kila kimoja na asili yake na umri wake, vilivyokubaliana kufanya kazi pamoja kwa muda.

Maalim alikuwa na kanuni zake za kufungua, nazo hazikuwa na msamaha. Vyombo vilipangwa juu ya gunia safi kwa taratibu ile ile vilivyotoka, cha kwanza kushoto na cha mwisho kulia. Bolti iliyotolewa ilirudishwa kwa vidole katika tundu lake mara chombo kilipoondoka. Na mafuta ya taa ya kuoshea hayakuguswa mpaka uchafu wenyewe umetazamwa. "Mwanangu, usioshe kabla hujasoma," alikuwa akiniambia, nami nikijibu, "Naam, maalim," huku nikitamani kuosha. Maana uchafu wa gari una habari nyingi. Chembe za shaba katika oili ya boksi la gia hutoa habari ya ringi za kulinganisha gia kwamba zinalika. Oili ya injini ikigeuka rangi ya maziwa, maji yamepata njia. Masizi meusi yaliyo mororo juu ya plagi si sawa na masizi yenye mafuta, kwani ya kwanza ni ya petroli iliyozidi, na ya pili ni ya ringi za pistoni zilizochoka. Mtu akiosha kwanza amelichoma shauri lote la mgonjwa kabla tabibu hajafika.

Escort niliijua tangu siku hizo. Mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki yalikuwa yameanza 1953, na kwa muda wa karibu miaka ishirini hakuna dereva mgeni kutoka ng'ambo aliyepata kuyashinda. Wenyeji walisema, na kwa haki, kwamba matope na vumbi la nchi hizi havifundishwi Ulaya. Mwaka 1972 Hannu Mikkola, Mfini, pamoja na mwenzake Gunnar Palm, Mswidi, wakashinda kwa Escort, nasi katika gereji tuliisikiliza habari hiyo kwenye redio mikono yetu ikiwa na grisi mpaka viwikoni. Mafundi wenzangu waliwasifu madereva. Mimi nilibaki nikiifikiria ekseli ya nyuma ya gari lile, gogo moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, chombo sahili kisicho na ujanja wowote, na jinsi kilivyostahimili barabara zilizokuwa zikivunja magari yaliyotukuzwa kuliko hilo. Shauku ya kuifungua mojawapo mwanzo hadi mwisho iliniingia wakati ule, ikakaa nami zaidi ya miaka ishirini.

Katika miaka iliyofuata nilihamia Uingereza, kwa ndugu yangu aliyekuwa Portsmouth, mji wa bandari ambapo watu wengi wa Unguja wamefanya makazi, nikapata kazi katika depo ya mabasi. Kazi hiyo niliishukuru, ikanilisha mimi na watoto wangu. Wala sina mengi ya kuisimulia, illa kwamba mwaka baada ya mwaka tulifungua kidogo na kubadilisha zaidi. Chombo kilichokufa kilitolewa kizima, kikatiwa katika sanduku na kupelekwa kwingine, na kingine kikaja katika sanduku kama lile, na vijana walioingia kazini nyuma yetu waliweza kutumikia muda mrefu bila ya kuona ndani ya boksi la gia. Sikuwalaumu vijana. Niliwasikitikia, nao walikuwa na akili nzuri na mikono myepesi.

Ama desturi ya kujijengea gari nyumbani, niliikuta Uingereza ikiwa na mizizi mirefu kuliko nilivyodhani. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali yao ilitoza kodi ya ununuzi juu ya gari lililo kamili, lakini gari lililouzwa vipande vipande, mnunuzi akalifunga mwenyewe, lilisamehewa kodi hiyo. Na Colin Chapman wa kampuni ya magari ya Lotus, alipotoa gari lake dogo la Seven mwaka 1957, aliliuza kwa njia hiyo kwa watu wengi waliokuwa na ufundi na shauku kuliko fedha. Husimuliwa kwamba sheria ilikataza mnunuzi kupewa maelezo ya kulifunga, kwa hiyo kampuni ikampa maelezo ya kulifungua, naye akayasoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Kisa hicho nilipokisikia mara ya kwanza nilimkumbuka maalim wangu, aliyekuwa amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na nikaona kuwa angalikikubali bila ya mjadala. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1973 kodi nyingine ilipochukua mahali pake, Lotus wakaiachia Seven kwa kampuni ya Caterham mwaka ule ule, walakini watu hawakuacha kujenga. Kisha mwaka 1996 mwalimu mmoja wa ufundi wa Oundle, Ron Champion, akatoa kitabu cha kueleza jinsi mtu anavyoweza kujijengea gari la michezo la umbo lile kwa pauni 250 tu, kwa bomba za chuma za mraba na gari moja kuukuu la kuchinjwa. Na gari alilolichagua lilikuwa Escort.

Sababu ya kuichagua ni bayana kwa kila fundi. Escort za mwanzo, zilizotoka 1968, na za pili, zilizodumu kutoka 1975 hadi 1980, zote zilisukumwa na magurudumu ya nyuma: injini imelala kwa urefu mbele, boksi la gia nyuma yake, propela shafti katikati, na lile gogo la ekseli mwisho. Za tatu zilizofuata ziligeuza mpango wote, magurudumu ya mbele yakawa ndiyo yenye kuvuta, wala hazikufaa tena kwa umbo hili. Kwa hiyo nilitafuta ya pili, nikaipata katika ua wa nyumba moja si mbali na bahari, imekaa juu ya matofali, chumvi ya hewa imeila sakafu yake, na sehemu za juu zinazoshika springi za mbele, ambazo ndizo udhaifu wa Escort zote, zimekuwa kama biskuti. Lakini karatasi zake zilikuwepo zote, injini ilizunguka kwa mkono, na mimi sikuwa na haja na bodi.

Niliifungua bila ya haraka, jioni na siku za mapumziko, majira yote ya baridi, na wakati huo naukumbuka kwa furaha kuliko ule wa kujenga. Nilianza na umeme, kwa kuwa nyaya ndizo zinazosahaulika upesi. Binti yangu, aliyekuwa akisoma sekondari, alikaa ndani ya gari na kalamu na vipande vya utepe, akauliza, "Baba, na huu?" nami nikiwa chini ya dashibodi nikimjibu, "Wa taa ya breki, mwanangu, andika na upande wake," hata tulipoutoa mtandao mzima wa nyaya na kuulaza juu ya zulia la ukumbini ulikuwa na majina kila ncha. Ndipo nikaja kwenye injini. Ilikuwa ya namna ile ambayo mchanganyiko wa hewa na petroli huingilia upande mmoja wa kichwa na moshi hutokea upande wa pili, na kichwa chenyewe ni bapa kabisa chini yake, kwa sababu chumba cha moto kimechimbwa juu ya pistoni. Ni jambo la kustaajabisha kwa usahili wake, na sikulielewa sawasawa kwa kusoma vitabuni mpaka nilipoishika pistoni mkononi na kuona lile bakuli dogo lililojaa masizi. Masizi ya silinda tatu yalikuwa makavu. Ya nne yalikuwa na mafuta. Hapo nilijua ni wapi pa kupima kwanza, na kipimo kikathibitisha.

Breki zilinieleza tabia ya dereva wa mwisho, aliyekuwa mpole, kwani diski hazikuwa na makovu ya moto. Springi za nyuma zilinieleza kuwa gari lilikuwa likibeba mizigo upande wa kushoto. Na ekseli, nilipoifungua difu yake, meno yalikuwa yamelika sawasawa pande zote, yakang'aa, ishara ya chombo kilichopata oili kwa wakati wake. Niliifunga tena vile vile bila ya kubadilisha kitu ila sili. Kujua cha kuacha ni sehemu ya ufundi isiyosifiwa, wala haiwezekani kwa mtu asiyefungua.

Chesisi niliijenga juu ya ubao mnene ulionyooka, kwa bomba za mraba za inchi moja, nikiziunga katika pembetatu popote palipowezekana, kwa kuwa pembetatu haiwezi kupinda ubavu. Kila kiungo kilishikizwa kwanza kwa doa dogo la moto, mpaka fremu nzima ikasimama, kisha nikachomelea kidogo upande huu na kidogo upande ule, ili joto lisiivute fremu kwenda upande mmoja. Mbele nilitumia nguzo za magurudumu za Ford Cortina na mikono ya pembetatu niliyoikata mwenyewe. Nyuma ekseli ya Escort iliachana na springi zake za vyuma vipana ikashikwa na fimbo za chuma, na fimbo moja ya kukingama iizuie kwenda kando. Propela shafti ilikuwa ndefu mno, nami sikujitia ujasiri wa kuikata. Niliipeleka kwa wenye mashine ya kuifupisha na kuisawazisha, maana chombo kinachozunguka kwa kasi namna ile chini ya mifupa ya mtu hakifai kwa kukadiria. Ubavu ukafunikwa bati la alumini kwa ribiti, na pua na madigadi ya faibaglasi nikanunua.

Tangu 1998 serikali ilikuwa imeweka ukaguzi maalumu kwa magari ya namna hii, nami nauunga mkono kwa moyo wangu wote, ijapokuwa wajenzi wengine waliulalamikia. Mkaguzi hupima kama magurudumu ya mbele yanakamatwa na breki kabla ya ya nyuma, kama nguzo ya usukani itajikunja kifua cha dereva kikiigonga, kama mikanda imeshikwa na chuma kilicho imara. Na pembe zote za nje anazoweza kugongwa nazo mpita njia ni lazima ziwe zimeviringwa, si kali. Mkaguzi wangu alikuwa mtu makini, wala hakusema neno lisilohusu kazi. Gari likapita. Kwa kuwa vyombo vyake vikubwa vilitoka katika gari moja lenye karatasi, lilipewa namba ya umri wa Escort ile, si ile yenye herufi Q ambayo hupewa magari yasiyojulikana umri.

Escort ilikuwa na uzito wa takriban kilo 900. Gari langu halikufika kilo 600, na injini ile ile iliyokuwa ikigumia mlimani ilipanda Portsdown Hill kwa gia ya tatu huku binti yangu akicheka kando yangu na upepo ukituchukulia maneno.

Banda lilipohitajiwa kwa kazi nyingine nilivigawa vyombo vilivyosalia, ambavyo wakati huo vilikuwa vimekwisha kuwa adimu. Milango na kioo cha mbele vilikwenda kwa bwana mmoja aliyekuwa akiifufua Escort kwa mashindano, springi za mbele kwa mwingine, rejeta kwa kijana wa mtaani aliyekuja na baiskeli. Kila kimoja nilikifungia karatasi, nikaandika kimetoka katika gari gani, kilikuwa katika hali gani nilipokifungua, na nini nilichokiona ndani yake.