Vyombo vya Wazee na Haki ya Warithi

Ndugu msomaji, watu wengi hudhani kuwa mirathi ni mashamba, nyumba na fedha tu. Vyombo vya wazee, yaani sahani za ukutani, kasha la njumu, kitara na reale za kale, huitwa ukumbusho, akavichukua aliye karibu navyo au mwenye sauti kubwa. Lakini Qurani Tukufu imemwekea kila mrithi fungu lake katika kilichoachwa, kiwe kidogo au kingi, wala haikuvibagua vyombo vya ukutani.

Hapa kwetu Lamu niliitwa kugawa mirathi ya mzee mmoja. Warithi wake walikuwa mwana mume mmoja na mabinti wawili: mafungu 4, mawili ya kaka na moja moja ya dada zake. Mchuuzi wa vitu vya kale alikuwa amekwisha kufika, akasema sahani zile hazina kitu, ila yeye atazichukua kwa bei ya sufuria. Kaka akataka dada zake wapewe sahani, naye abaki na kasha. Dada mkubwa akaniuliza, "Maalim, nitaridhikaje na nisichokijua?" Swali lake lilikuwa la haki. Sulhu ya warithi ni halali, lakini ridhaa ya asiyejua haki yake ni ridhaa gani?

Nikasema aletwe mtambuzi asiyenunua wala kuuza, alipwe ujira wa kazi yake, si sehemu ya bei. Anayekithamini kitu anachotaka kukinunua hawezi kuwa shahidi.

Mtambuzi alipokuja, kila sahani aliipindua, akatazama kitako kabla ya uso. Ile ya maua iliyokuwa fahari ya nyumba ilikuwa na chapa ya Maastricht, Uholanzi; za namna hiyo zililetwa pwani yetu katika karne ya 19. Ya buluu iliyomeguka ukingo, iliyokuwa ikitiliwa achari, ndiyo iliyokuwa ya Kichina na kongwe zaidi. Reale zote ziliandikwa 1780. Akaeleza kuwa huo ni mwaka aliofariki Maria Theresa wa Austria, na reale ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo hata karne ya 20. Basi tarehe ile si umri wake. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, fedha sehemu 5 katika 6. Kasha akatuusia tusilisugue wala kulipaka vanishi, kwani ukongwe wake ndio bei yake.

Bei ziliandikwa mbele ya warithi wote. Kaka akachukua kasha, akawalipa dada zake mafungu yao. Sahani ya Kichina ikaenda kwa dada mkubwa, kwa hesabu.

Basi, ndugu zangu, andikeni leo kila chombo kilitoka kwa nani, maana mzee aliye hai anayajua asiyoweza kuyajua mtambuzi. Na siku ya kugawa, tangulizeni maziko, madeni na wasia, kisha thamani, kisha mafungu. Kitu kinachodharauliwa na mwenye nguvu huenda ndicho fungu zima la yatima.

Wabillahi tawfiq.