Mikono Minne ya Kaboni

Huko Kianjai, katika nchi ya Meru, alikuwako kijana mmoja wa shule ya sekondari ambaye karo yake ilitoka katika miraa ya baba yake. Alitamani kuwa bwana shamba, na kazi hiyo hudai kemia. Lakini sehemu ya kemia ihusuyo kaboni ilimshinda. Aliiona kuwa orodha ndefu ya majina ya kigeni, akayakariri usiku baada ya usiku, na asubuhi yalikuwa yamekwisha kumtoka. Karibu akate tamaa.

Mwalimu wake hakumwongezea majina. Alimpa udongo wa mfinyanzi na vijiti, akamwambia afanye donge lenye vijiti vinne. Hiyo ndiyo kaboni: ina mikono minne, haizidi wala haipungui. Oksijeni ina miwili, na haidrojeni mmoja tu. Kila mkono sharti ushikwe.

Kijana akaunda kaboni moja, ikashikwa na haidrojeni 4: hiyo ni methani. Kaboni mbili zikataka haidrojeni 6: ethani. Tatu zikataka 8: propani. Nne zikataka 10: butani. Ndipo alipong'amua kwamba jambo lenyewe ni kuhesabu mikono, na kwamba propani na butani ndizo gesi za kupikia zitiwazo katika mitungi. Majina yaliyomtisha yakawa yanamwambia idadi ya kaboni.

Baba yake alipoviona vijiti vile akauliza, "Mwanangu, mchezo huu una faida gani shambani?"

Kijana akajibu, "Baba, kwa nini miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa sokoni siku ile ile?"

"Kila mtu ajua. Ikinyauka haina nguvu."

"Na nguvu hiyo huenda wapi?"

Mzee hakuwa na jibu, ingawa alikuwa amelima miraa maisha yake yote.

Jibu limo katika vijiti. Mwaka 1975 wataalamu wa maabara ya Umoja wa Mataifa walitambua katika miraa mbichi kitu kiitwacho kathinoni. Kina kaboni 9, haidrojeni 11, nitrojeni 1 na oksijeni 1, na oksijeni hiyo huishika kaboni moja kwa mikono yake yote miwili. Jani linaponyauka, haidrojeni mbili huingia: moja hushikwa na oksijeni, nyingine na kaboni ile. Kathinoni hugeuka kathini, yenye nguvu haba. Haidrojeni mbili tu ndizo zitenganishazo fungu lenye bei na fungu la kutupwa.

Elimu hii haiisifu miraa wala haiitetei. Lakini Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, wakulima wengi wa Meru walipoteza soko, na sehemu ya mabishano ilihusu kilichomo ndani ya jani na madhara yake kwa watu. Mkulima asiyejua kilichomo katika zao lake husimuliwa habari za shamba lake na wageni.

Kwa hiyo mzazi amwonapo mtoto wake akihangaika na kemia, asimhimize kukariri zaidi. Na ampatie udongo na vijiti, aanze na mikono minne. Majina yatafuata yenyewe.